Simba wa Sikukuu

Ahadi ya mzazi haizeeki. Mwezi wa tisa Neema aliambiwa na baba yake kwamba akiingia kumi bora atapelekwa kumwona simba, na tangu hapo nyumba yetu ya Segerea haikuwa na habari nyingine. Daudi, wa darasa la pili, ambaye hakuahidiwa kitu, aliichukua ahadi ya dada yake akaifanya ya kwake. Mgeni akibisha hodi, kabla hajapewa kiti, anaulizwa kama amewahi kumwona simba, na simba huyo alikuwa anafanya nini. Matokeo yalipotoka, Neema akawa wa saba. Mjadala ukafungwa.

Baba Neema ni mtoto wa Mwanza. Alipokuwa shule ya msingi, darasa lao zima lilipakiwa kwenye boti pale Capri Point likavushwa hadi kisiwa cha Saanane, ambacho tangu mwaka 1964 kilikuwa bustani ya wanyama, ya kwanza katika nchi hii. Siku hizi Saanane ni Hifadhi ya Taifa, tangu 2013, kisiwa kidogo cha mawe kilichokaa mlangoni mwa jiji. Lakini kwa mume wangu kimebaki kile cha utotoni: mwalimu anahesabu vichwa botini, maji yanaruka, halafu simba ananguruma mpaka mtoto wa mstari wa mbele anakaa chini bila kuambiwa. Habari hiyo nimeisikia tangu siku za uchumba wetu na sijawahi kuichoka, kwa sababu kila akiisimulia macho yake yanarudi kuwa ya mtoto. Alitaka wanawe nao wawe na siku ya namna hiyo. Nililielewa hilo vizuri, ndiyo maana sikubisha.

Na mimi nina ya kwangu. Kwetu ni Mafinga, na anayetoka Mafinga kuja Dar es Salaam kwa basi la mchana hupita katikati ya Hifadhi ya Mikumi, kilometa kama 50 za lami ndani ya mbuga. Nilipokuwa mdogo, basi likifika pale usingizi wote unaisha. Abiria wanasimama, wanaegemea upande mmoja, mtu asiyekujua anakubeba mtoto wa watu ili uone vizuri. Swala, nyati, twiga, na siku ya bahati kundi la tembo wanavuka na konda anamwambia dereva apunguze mwendo. Hakuna aliyelipa zaidi ya nauli. Watoto wangu hawakuwahi kuipata safari hiyo kwa sababu likizo zetu nyingi tumekuwa tukienda kwao Mwanza, na njia ya Dodoma na Singida haikuonyeshi tembo.

Sikukuu hiyo Mama, yaani mama mkwe wangu, alikuwa ameshuka kutoka Lamadi kuja kula Krismasi nasi. Lamadi iko jirani kabisa na Serengeti upande wa Ziwa Victoria. Kule tembo hawatafutwi, wanakuja wenyewe, usiku, mahindi yakikaribia kukomaa. Mama amekesha misimu mingi shambani akipiga madebe na kuwasha moto ili wasije wakamaliza chakula cha mwaka mzima kwa saa mbili. Alipoambiwa kwamba tunakwenda kulipa ili tumwone simba, aliuliza jambo moja tu.

“Baba Neema, huyo simba amefanya nini mpaka akawekwa huko?”

“Hajafanya kitu, Mayu. Ni bustani. Watu wanakwenda kuangalia.”

Mama akanyamaza, akachukua kitenge chake kipya, akasema naye atakwenda.

Siku ya pili ya Krismasi jiko letu liliwaka alfajiri. Pilau ya kuku kwenye hotpoti, chapati zimefungwa kwenye taulo safi, kachumbari kwenye chombo chake peke yake ili isichachushe vingine, na dumu la juisi ya ukwaju lililolala kwenye friza usiku kucha. Shemeji alituazima gari kwa sharti kwamba maji ya rejeta yaangaliwe kila tunaposimama. Tulikuwa sisi wawili, Mama, Neema, Daudi, Tumaini wa miaka mitatu, na Rashidi wa nyumba ya jirani, ambaye kulipopambazuka tulimkuta ameshakaa barazani kwetu, amevaa viatu vya shule vilivyopigwa rangi, na mama yake amempa shilingi elfu mbili za soda. Mtoto wa namna hiyo huwezi kumrudisha.

Bustani yenyewe sina sababu ya kuitaja. Iko nje ya mji, unaacha lami unaingia njia ya vumbi yenye mashimo, mwisho wa njia unauona ukuta mrefu uliochorwa. Nao ulichorwa na mtu anayejua kazi yake: tembo ameinua mkonga, twiga anakula juu ya mti, pundamilia wanakimbia, na katikati simba mwenye manyoya ya rangi ya moto. Watoto walipiga picha kwenye kila mnyama. Tulilipa kiingilio cha wakubwa, cha wadogo, na cha gari.

“Twiga wako upande gani?” Neema aliuliza.

Dada wa dirishani alimwangalia kwa huruma. “Twiga alishakufa, mdogo wangu.”

“Na tembo?” Daudi akadakia.

“Tembo hajawahi kuwepo.”

Daudi aligeuka akautazama ukuta, kisha akanitazama mimi. Sikuwa na la kumwambia.

Mabanda ya mwanzo yalikuwa matupu. Moja lilikuwa na kibao kilichoandikwa DUMA, na ndani yake magugu yamefika kiunoni na mtu ameanika nguo. Nungunungu tulimwona sehemu ya mgongo tu, amelala ndani ya karavati. Mbuni alikuwa mmoja, manyoya ya mgongoni yamenyonyoka, anadonoa wavu kama anayetafuta ulipoanzia. Chatu alikuwa chini ya bati na hatukumwona, ingawa Baba Neema alijitahidi kuwaeleza watoto kwamba chatu akishakula mnyama mkubwa anaweza kukaa miezi bila kula tena, kwa hiyo huenda amepumzika. Bembea zilikuwa zimebaki minyororo. Kilichomfurahisha Tumaini ni kobe mkubwa aliyekuwa akitembea kwenye nyasi bila uzio. Mtoto akachuchumaa mbele yake, wakaangaliana, na kwa muda ule nilidhani siku imeokoka. Nikawasimulia wakubwa habari za kobe wa kisiwa cha Changuu kule Zanzibar, ambao wazee wao waliletwa kutoka Visiwa vya Shelisheli mwaka 1919, na wapo kule walioishi zaidi ya miaka mia. Rashidi akauliza kama huyu naye ni babu. Nikasema inawezekana.

Kisha tukafika kwa simba.

Banda lake lilikuwa la nondo zilizoshika kutu, hatua kama kumi kwa sita, sakafu ya saruji. Sehemu moja ilikuwa na kivuli cha bati, sehemu nyingine jua tupu. Maji yake yalikuwa kwenye tairi lililokatwa nusu, yamekuwa ya kijani, na jani la mwembe linaelea juu. Simba alikuwa dume, manyoya ya shingoni machache na yamegandana. Alikuwa anatembea. Anatoka kona ya kushoto, anafuata ukuta wa nyuma, akifika kona ya kulia anageuza kichwa kwanza, halafu bega, anarudi. Mguu wa mbele ulitua palepale ulipotua mara iliyopita, na kwa kuwa amefanya hivyo muda mrefu, saruji ilikuwa imelainika kwenye mstari ule, inang'aa. Nzi wamejaa masikioni. Watu walikuwa wanampigia miluzi ili anyanyue uso. Hakunyanyua.

Wanaosoma tabia za wanyama wanaijua hali hiyo vizuri. Mnyama aliyefungiwa pahali padogo, pasipo kitu cha kupanda, kukwaruza wala kuwinda, huanza kurudia kitendo kimoja bila mwisho, na mtaalamu akikiona tu anajua maisha ya mnyama yule yamepungukiwa. Simba wa porini hafanyi hivyo. Simba wa porini hulala, hata saa 20 kwa siku, amejinyoosha chini ya mti na wenzake, na akiamka ana makumi ya kilometa za mraba za kuzurura. Penye mawindo machache huwa ni mamia. Na tena haishi peke yake. Paka wengine wakubwa kwa kawaida ni wapweke, simba ndiye mwenye ukoo, ana shangazi na dada na ndugu wa kulinda naye mipaka. Yule wa banda lile hakuwa na mtu.

Neema alisimama mbali. Daudi alishika nondo za uzio wa nje na hakusema neno, yeye ambaye tangu mwezi wa tisa hakuwahi kufunga mdomo juu ya simba.

Mama ndiye aliyesogea. Amefuga ng'ombe maisha yake yote, na kwao ng'ombe hanunuliwi kwa maneno ya muuzaji, ananunuliwa kwa macho. Basi akamwangalia simba kwa jicho lile la mnadani. Akaangalia nyonga zilivyochongoka. Akaangalia mbavu, akaangalia mng'aro wa ngozi, akasubiri ageuke aone macho. Akainama kuangalia kinyesi kilichokuwa kwenye kona. Halafu akamwita kijana aliyekuwa anapita na toroli, amevaa mabuti ya mpira.

“Shikamoo, Bibi.”

“Marahaba, baba. Wewe ndiye unayemlisha huyu?”

“Ndiyo mimi, Bibi.”

“Anakula nini?”

“Nyama ya ng'ombe. Wakati mwingine vichwa vya kuku.”

“Lini?”

Kijana aliweka toroli chini. “Inapopatikana, Bibi.”

“Ana minyoo huyu. Mnampa dawa?”

Nilitegemea kijana atachukia. Hakuchukia. Alivua kofia, akasogea karibu na Mama, akaanza kueleza kama mtu aliyekuwa anasubiri kuulizwa. Daktari wa mifugo alikuwa akija kila mwezi, sasa haji mpaka apigiwe simu na alipwe nauli. Wakati wa korona watu walikata mguu na mapato yakakatika, wenzake wengi wakaondoka, yeye akabaki. Mshahara unakuja nusu, au hauji. Ndama wa swala aliyeletwa pale amefiwa na mama yake, maziwa yake ananunua yeye kwa mama muuza chai wa getini, kwa mkopo. Simba alimjua tangu akiwa mdogo wa kubebeka. Alipolitamka jina lake kwa sauti ya chini, mnyama yule ambaye miluzi yote ilishindwa kumsimamisha alisimama. Akakigeuza kichwa upande wetu. Macho yake yalikuwa ya njano safi, hayana ugonjwa, na yalimtazama kijana yule na si mtu mwingine.

Daudi akaachia pumzi. “Amemsikia,” akasema.

Simba mzima anahitaji kiasi cha kilo tano hadi saba za nyama kwa siku ukipiga wastani. Porini hali kila siku, lakini akiua anakula mpaka anashindwa kuinuka, anaweza kumaliza kilo 40 mlo mmoja. Nilipiga hesabu ya bei ya nyama buchani kwetu pale pale nimesimama, nikaelewa kwamba aliyeamua kumweka simba bila kuwa na fedha hiyo ya uhakika alimhukumu tangu siku ya kwanza. Umaskini wa mwajiri si kosa. Lakini mtu asiye na uwezo wa kulisha simba asichukue simba. Nchi yetu ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inayomtaka mwenye mnyama ampe chakula na maji, amtibu, amwepushe na mateso na hofu, ampe nafasi ya kuishi kwa tabia yake. Na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inasema wanyamapori ni mali ya umma. Anayewafuga anawafuga kwa leseni. Maana yake simba yule ni wetu. Ni wa Mama aliyemkagua minyoo, ni wa Rashidi na shilingi zake elfu mbili. Tulilipa kiingilio kuangalia mali yetu inavyoharibiwa.

Neema alimuuliza kijana, “Akifunguliwa akarudishwa porini?”

“Atakufa, mdogo wangu. Au atakwenda kwa watu, kwa sababu watu ndio anaowajua.”

Jibu hilo lilimkalia Neema vibaya. Tulipotandika mkeka chini ya mkorosho kula, alirudi nalo, na mimi nikamsimulia habari ya Rubondo. Kisiwa hicho kiko Ziwa Victoria, kusini-magharibi, upande wa Geita. Kati ya mwaka 1966 na 1969 waliletwa pale sokwe 17 kutoka mabustani ya Ulaya, wengine wakiwa wameishi kwenye vizimba miaka mingi, wakafunguliwa mlango. Hakuna aliyewafundisha kutafuta matunda wala kutengeneza kitanda cha matawi juu ya mti. Mwanzoni baadhi yao waliwashambulia watu, maana hawakuwa na woga nao. Lakini waliobaki walijifunza, wakazaa, na leo wajukuu na vitukuu vyao wamo msituni, wanaishi kama sokwe wowote wa porini. Wataalamu wa Ujerumani, akiwemo Bernhard Grzimek, yule aliyeipigania Serengeti, ndio waliokuwa nyuma ya kazi hiyo.

“Kumbe inawezekana,” Neema akasema.

“Kwa sokwe, kwenye kisiwa kisicho na watu. Simba ni jambo jingine. Simba asiyeogopa mtu ni hatari kwa mtu na kwa ng'ombe wake.”

“Huyo asije Lamadi,” Mama akasema, na akaanza kupakua pilau.

Hapo ndipo tuligundua kwamba bustani ile ilikuwa na wanyama wenye afya, ila hawakuwa kwenye mabanda. Tumbili walikuwa juu ya mkorosho tangu tulipotandika. Walisubiri hotpoti ifunguliwe. Wa kwanza aliteremka nyuma ya Baba Neema akachukua chapati mbili pamoja na taulo. Baba Neema akainuka kumfukuza, na kumbe hiyo ndiyo nafasi waliyoingoja wenzake. Mmoja alipita katikati ya mkeka akabeba paja la kuku kutoka sahani ya Rashidi, Rashidi akamkamata mkia, tumbili akamwonyesha meno, Rashidi akaachia akalia. Tumaini akalia kwa sababu Rashidi analia. Kunguru nao wakashuka, wale weusi wenye shingo ya kijivu ambao wazee wao waliletwa Zanzibar kutoka India mwishoni mwa karne ya 19 ili wasafishe takataka, na tangu hapo pwani yote imekuwa yao. Walikuwa wanaokota wali hata kabla haujamwagika vizuri.

Mama alisimama. Akachukua mfuniko wa hotpoti na kijiko kikubwa cha kupakulia, akaanza kupiga, akitoa na sauti ile ya Lamadi, ndefu, ya kutoka tumboni, inayotolewa usiku wa manane kwenye mahindi. Bustani nzima ilinyamaza. Tumbili wakarudi juu ya mti mpaka kileleni. Kunguru wakaondoka. Familia tatu zilizokuwa zimetandika jirani nasi zikageuka kutuangalia, na mzee mmoja wa familia hizo akapiga makofi. Kutoka kwenye banda lake, kule nyuma, simba alijibu.

Haukuwa mngurumo wa kutisha wa Saanane. Ulianza kama kikohozi, ukapanda, ukajirudia, ukafifia. Hata hivyo ulipita ardhini, niliusikia kwenye mkeka. Watoto wote wanne walinyamaza kulia na kutafuna. Mngurumo wa simba porini husikika hadi kilometa nane, ndivyo anavyowaambia ndugu zake alipo. Huyu alikuwa anawaambia nani sijui. Baba Neema alikuwa amekaa na nusu ya chapati mkononi, na nilipomtazama usoni nikajua anawaza nini, kwa hiyo sikumsemesha.

Tulikula kilichobaki. Tukienda kunawa, kiatu cha Tumaini kikaingia kwenye bwawa la mamba. Bwawa lenyewe lina chupa za plastiki nyingi kuliko maji, na mamba hatukuwa tumemwona tangu asubuhi. Tulidhani naye amebaki jina kwenye kibao. Baba Neema alishapanda ukingo wa chini anyooshe mkono. Kijana wa mabuti alipiga kelele kutoka mbali kiasi kwamba mume wangu alirudi nyuma akakalia tope. Kitambo kidogo, kile tulichodhani ni gogo kando ya kiatu kikafumba jicho. Nilihisi miguu inaisha nguvu. Kati ya ukingo ule na bwawa, uzio ulikuwa wa kamba ya katani. Kijana alikuja na mwanzi mrefu wenye ndoano, akakitoa kiatu taratibu, akakisuuza, akamvisha Tumaini mwenyewe. Nilimshukuru na mikono ikinitetemeka. Yeye akasema, “Mama, nimewaambia watengeneze huo uzio. Nimewaambia sana.”

Mvua ilitukuta tunapanga vyombo kwenye gari. Njia ya vumbi ikawa njia ya matope, na kabla ya kufika lami gari likachemsha, kwa sababu katika mambo yote ya siku ile hakuna aliyekumbuka rejeta. Tulikaa ndani, vioo vimefungwa, jasho linatutoka, juisi ya ukwaju tukaimaliza. Vijana wa bodaboda waliojikinga kwenye kibanda walitupa maji ya dumu na wakakataa fedha. Njia nzima hadi Segerea watoto hawakulala. Walikuwa wanajifunza sauti ya Bibi.

Usiku, wakati wa chakula, Daudi aliuliza, “Yule simba ameshakula?”

Baba yake aliweka kijiko. Akatoka nje na simu. Nilimsikia anaongea na yule kijana, maana alikuwa amechukua namba yake, anamuuliza jina la dawa ya minyoo aliyokuwa akipewa simba na bei yake. Aliporudi alisema, “Angalau wamemwona.”

“Wameona nini, Baba Neema?”

Hakujibu, na mimi sikumbana, kwa sababu hata yeye alikuwa ameumia. Lakini nilisema nilichokuwa nacho moyoni. Tanzania ndiyo nchi yenye simba wengi kuliko nyingine yoyote duniani. Mtoto wa Dar es Salaam asikue akidhani simba ni mnyama mwenye kutu, anayetembea kwenye mstari. Mtoto anayemfahamu simba hivyo, kesho akiambiwa mbuga ilindwe, atauliza ya nini. Mwanza waliigeuza Saanane ikawa hifadhi. Sisi wa jiji hili lenye mamilioni ya watoto tunastahili pahali pamoja pazuri, penye nafasi, penye daktari, hata pakiwa na wanyama wanne tu. Na mahali pasipoweza, leseni ichukuliwe na wanyama wahamishwe kwenye uangalizi mzuri. Hayo nimeyaandika kwenye barua kwa wanaohusika, pamoja na habari ya uzio wa mamba, na picha za tairi la maji alizopiga Neema.

Na nikasema jambo la pili: Pasaka hatuendi Mwanza. Tunakwenda kwetu Mafinga, kwa basi la asubuhi linalopita Mikumi jua likiwa juu.

“Nauli ya watu saba?” Baba Neema akauliza.

“Watu sita. Tumaini atapakatwa.”

“Rashidi naye?”

“Muulize mwenyewe kama atabaki.”

Mama alikuwa anasikiliza huku akichambua mchele wa kesho. Alisema hajawahi kufika njia hiyo, na angependa kujua kama ni tembo wanaopisha mabasi au ni mabasi yanayopisha tembo, maana kwao Lamadi jambo hilo bado halijaamuliwa. Kisha akamwambia mwanawe kwamba yeye atakaa dirishani, asije akasahau.

“Upande gani, Mayu?”

“Wenye tembo.”

“Mbuga iko pande zote mbili.”

“Basi kata tiketi ya dirisha kila upande,” Mama akasema, “nitahama.”

Nikampigia simu mama yangu Mafinga kumwambia tunakuja. Akasema kule kutakuwa na baridi na mvua, kila mtu aje na sweta, na akauliza mama mkwe wangu anapenda viazi au ugali. Daudi alikuwa ameshatoka mbio kwenda kwa jirani kumwambia Rashidi atafute sweta.